Ndoo Zile Zimekwenda Wapi?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)



Mtakumbuka kwamba mwezi Machi mwaka 2020, ilipotangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Tanzania, mji huu wa Dar es Salaam ulibadilika kwa muda wa siku chache tu. Mbele ya kila duka, kila benki, kila saluni na kila mgahawa iliwekwa ndoo yenye koki, na pembeni yake sabuni. Kwenye vituo vya daladala abiria walinawa kabla ya kupanda. Hata mtaani kwetu, mwenye duka tunayemwita Mangi aliweka ndoo ya buluu juu ya kigoda, na hapakuwa na mtoto aliyethubutu kununua barafu pasipo kunawa kwanza.

Ndoo ile bado ipo. Ila sasa iko nyuma ya duka, imejazwa udongo, na Mangi amepanda ndani yake vitunguu vya majani. Koki imebaki pale pale, kavu.

Nisingewaletea habari ya ndoo hapa redioni kama si jambo lililotokea mtaani kwetu miezi michache iliyopita. Mtoto wa miaka miwili, katika nyumba inayotazamana na duka hilo hilo, alishikwa na kuhara na kutapika usiku. Kulipopambazuka macho yake yalikuwa yameingia ndani, analia lakini machozi hayatoki. Alikimbizwa hospitali, akalazwa, akatundikiwa maji, na siku ya nne akarudi nyumbani. Tunamshukuru Mungu, leo anacheza. Nilipokwenda kumpa pole mama yake nilimkuta amezungukwa na majirani, na mmoja wao, mtu mzima wa rika langu, akasema kwa sauti ya kuhitimisha: "Tatizo la watu wetu ni kukosa elimu ya afya."

Yule mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole: "Samahani, baba. Elimu ninayo. Kliniki nimefundishwa, redioni nimesikia, na mwanangu wa darasa la tatu ananiimbia kila siku: nawa kabla ya kula, nawa ukitoka chooni. Lakini nyumba hii tunakaa kaya nane, choo ni kimoja, bomba liko nje, na sabuni ukiiacha chooni asubuhi, mchana huikuti. Nikitoka chooni na mtoto mgongoni, maji nianze kuyatafuta wapi?"

Ndugu wasikilizaji, swali la mama yule ndilo tunalolizungumza leo. Kwamba kinga ni bora kuliko tiba, hakuna asiyejua. Methali hiyo imeandikwa kwenye kuta za zahanati zetu tangu tukiwa watoto. Sasa hebu tujiulize: ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu aanze tabia ya kujikinga na maradhi, na kuishika? Na ni kitu gani kinachomfanya aiache ilhali hatari ingalipo? Maana kuhara hakukuondoka pamoja na ndoo. Homa ya matumbo haikuondoka. Na kipindupindu, kile kilichozuka hapa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya nchi, kinajulikana kwa tabia yake ya kwenda na kurudi.

Swali hili si geni, wala si letu peke yetu. Katika miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilikuwa ikipambana na kifua kikuu. Magari yenye mashine za eksirei yalipelekwa mitaani, karibu kabisa na makazi ya watu, na kipimo kilikuwa bure. Wakuu wa afya walitegemea foleni ndefu. Badala yake, watu wengi hawakujitokeza. Mtaalamu wa elimu ya nafsi, Godfrey Hochbaum, alitumwa kutafuta sababu. Aliwahoji watu wazima zaidi ya 1,000 katika miji mitatu, na matokeo ya uchunguzi wake yakachapishwa mwaka 1958.

Hochbaum aliona mambo mawili. La kwanza, je, mtu anaamini kwamba yeye mwenyewe anaweza kuugua kifua kikuu, hata kama leo anajisikia mzima? La pili, je, anaamini kwamba ugonjwa ukigunduliwa mapema atapata faida? Miongoni mwa watu walioamini yote mawili, watu 82 katika kila 100 walikuwa wamekwenda kupigwa eksirei kwa hiari yao. Miongoni mwa wasioamini hata moja, ni 21 tu katika kila 100.

Angalieni vizuri jambo hilo. Wote hao walijua kwamba kifua kikuu kipo. Lakini kujua kwamba maradhi yapo ni jambo moja, na kuamini kwamba yanaweza kuingia nyumbani kwangu ni jambo jingine. Mwaka 2020 kila mmoja wetu alijiona yumo hatarini, maana kila siku tulisikia habari za vifo duniani. Kuhara je? Kuhara tumekuzoea. Mtoto akiharisha, wangapi kati yetu husema, "Ni meno hayo, yanaota"? Tukishasema ni meno, tumekwisha kuutoa ugonjwa mikononi mwetu na kuuweka kwenye fizi za mtoto. Nani atanawa mikono kwa sababu ya meno?

Wengine husema, basi, dawa ni kuwatisha watu. Waonyeshwe picha za maiti, waambiwe watakufa, watashika adabu. Jambo hili nalo limepimwa. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Irving Janis na Seymour Feshbach, waliwapa wanafunzi wa sekondari mhadhara juu ya utunzaji wa meno. Kundi moja lilitishwa vikali, kwa picha za fizi zilizooza na vitisho vya upofu na maradhi makubwa. Kundi jingine lilielezwa kwa utaratibu, bila vitisho vingi. Baada ya juma moja waliangalia nani amefuata mafundisho. Waliotishwa sana ndio walioshtuka zaidi siku ile, lakini badiliko la tabia kwao lilikuwa la watu 8 tu katika 100. Kwa wale walioelezwa kwa utulivu lilikuwa 36 katika 100.

Uchunguzi wa baadaye haukusema kwamba hofu haina kazi kabisa. Ulionyesha kwamba hofu peke yake haifiki mbali. Mwaka 1965, katika chuo kikuu cha Yale, Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi maelezo juu ya pepopunda na kuwahimiza wakachanjwe. Wengine walipewa maelezo ya kutisha, wengine ya kawaida. Waliotishwa zaidi walisema kwa nguvu zaidi kwamba watakwenda. Lakini walipohesabiwa waliokwenda kweli, kiasi cha hofu hakikuleta tofauti. Kilicholeta tofauti kilikuwa kitu kidogo mno: baadhi yao walipewa ramani ya chuo ikionyesha jengo la afya, wakaambiwa wapange wenyewe ni siku gani na saa ngapi watapita pale. Katika kundi hilo walikwenda 28 katika kila 100. Katika kundi lisilopewa ramani wala kupanga saa, walikwenda 3. Na hao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, bila shaka wengi wao walilijua jengo lile.

Hapa naomba niseme habari yangu mwenyewe, ingawa ni ya aibu kwa mtu anayewahubiria wenzake afya kila juma.

Kaka yangu mkubwa alifariki kwa kiharusi. Alianguka bafuni asubuhi, na jioni tulikuwa tumempoteza. Hakuwahi kujua kwamba ana shinikizo la damu. Siku ya arobaini wazee walituambia sisi wadogo zake: nendeni mkapime presha, mambo haya huandamana katika ukoo. Tuliitikia. Mimi baada ya kuitikia nilikaa miaka minne bila kupima.

Je, sikujua? Nilijua barabara. Nilijua kwamba shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote. Nilijua kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye maradhi hayo duniani hawana habari kwamba wanayo. Mambo hayo niliyasoma kwa sauti yangu mwenyewe hapa redioni. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa kuambiwa. Kila nilipopita mbele ya zahanati nilimwona kaka yangu, na kila mara nikakumbuka kwamba nina haraka. Hofu ilikuwepo tele. Ila badala ya kunisukuma kwenda mbele, ilinigeuza nyuma.

Haikuwa mimi niliyekwenda kwenye kipimo. Kipimo ndicho kilichonijia. Jumapili moja tulikuwa barazani tunacheza bao, na mke wa mwenzetu mmoja, muuguzi mstaafu, akatoka na mashine yake. Alianza na mzee wetu kuliko wote. Kisha akaja wa pili, wa tatu, huku tukitaniana nani ataivunja mashine. Zamu yangu ilipofika sikuwa na pa kukimbilia. Ningesema nini mbele ya wenzangu? Mashine ikaandika 168 kwa 104. Mzaha ukaisha.

Yule mama hakunitisha hata kidogo. Alisema: "Shemeji, namba ya mara moja haitoshi kuamua. Jumanne saa mbili asubuhi nenda zahanati ukapimwe tena. Mwenzako huyu atakupitia nyumbani." Akaniandikia siku na saa kwenye karatasi. Jumanne nikapitiwa, nikaenda. Leo nameza dawa kila asubuhi, na chumvi imepungua mezani. Baadaye niliposoma habari ya ile ramani ya Yale nilicheka peke yangu, maana nilijiona pale pale.

Ndugu wasikilizaji, ninayoyasema si kwamba watu hawahitaji elimu. Ninachosema ni kwamba elimu ikishafika, bado kuna safari kati ya kichwa na mkono. Na mara nyingi safari hiyo hukatizwa na vitu ambavyo wenye elimu hatuvioni: umbali, bei, foleni, aibu, dumu lisilo na maji.

Chukueni suala la bei. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama vyandarua vyenye dawa vigawiwe bure au viuzwe. Wapo waliosema kitu cha bure hakithaminiwi. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walilipima jambo hilo kwa wajawazito katika kliniki za magharibi mwa Kenya, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, ambazo ni fedha kidogo, idadi ya waliochukua chandarua ilishuka kiasi cha wanawake 60 katika kila 100. Na waliopewa bure, walipofuatwa majumbani, hawakuonekana kukitumia chini ya walionunua. Hapa kwetu Tanzania, tangu mwaka 2004 wajawazito walipewa hati punguzo ili wanunue chandarua kwa bei nafuu. Baadaye vyandarua vikagawiwa bure kwa mamilioni katika kampeni za nchi nzima.

Mfano mwingine unatoka India, katika vijiji vya wilaya ya Udaipur. Chanjo za watoto zilikuwa bure, lakini zahanati mara nyingi zilikutwa zimefungwa, na watoto waliokamilisha chanjo walikuwa 6 tu katika 100. Watafiti walipeleka kambi za chanjo vijijini kila mwezi, siku inayojulikana, bila kukosa. Waliokamilisha wakafika 18 katika 100. Katika vijiji vingine, pamoja na kambi hizo, kila mzazi aliyeleta mtoto alipewa kilo moja ya dengu, na seti ya sahani mtoto alipomaliza chanjo zote. Huko walifika 39 katika 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Mtu atasema: je, mzazi anahongwa dengu ili ampende mwanawe? La hasha. Mzazi yule anampenda mwanawe. Lakini faida ya chanjo iko mbali na haionekani, na kibarua cha leo anachokiacha kinaonekana. Zile dengu zilisogeza faida karibu.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kitu kikiwa bure na karibu, kazi imekwisha. Sote tumeona vyandarua vilivyozungushiwa bustani za mchicha na mabanda ya vifaranga. Kwa hiyo kuna jambo la tatu, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: mtu huangalia wenzake wanafanya nini.

Wenye umri wangu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi kijijini. Redio zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikusanyika kwa vikundi, mara moja kila juma, kwa muda wa majuma kumi na mawili. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha, na hili ndilo jambo la maana, wakaamua watafanya nini kabla ya kukutana tena. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi hiyo, na watu wapatao milioni 2 walishiriki nchi nzima. Yalikatwa majani, yakafukiwa madimbwi, vikachimbwa vyoo vinavyokadiriwa kuwa mamia ya maelfu.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa waliosema porini panatosha. Habari za safura alizisikia, akazikubali, na bado hakushika jembe. Alichimba choo juma la tano au la sita. Kwa nini? Kwa sababu wanakikundi wenzake walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia, na kwa sababu shemeji yake alikuja kututembelea akauliza choo kiko wapi, ikabidi apelekwe kwa jirani. Baba hakulala usingizi siku ile. Kesho yake shimo likaanza.

Msidhani baba alikuwa mtu wa ajabu. Mwaka 2005 watafiti Marion Jenkins na Valerie Curtis walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wa vijijini nchini Benin na sababu zao za kutaka vyoo. Kukwepa maradhi, kama wataalamu wanavyoyaeleza, hakukuwa sababu kubwa. Watu walitaka heshima, walitaka faragha, walitaka kuepukana na adha ya kwenda porini usiku. Vivyo hivyo kwa wengi wetu: tunapiga mswaki kwa sababu ya harufu ya mdomo kuliko kwa sababu ya kutoboka kwa meno. Hakuna ubaya. Jino linanufaika vile vile.

Redio nayo imepata kulithibitisha jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, ambamo Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, aliishi maisha ya ovyo mpaka UKIMWI ukamkuta. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukusikika Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha. Waligundua kwamba mahali uliposikika, wasikilizaji wengi walizungumza juu yake na wenzi wao na rafiki zao, na wengi walisema wamepunguza idadi ya wapenzi au wameanza kutumia kondomu. Mkwaju hakuwahubiria. Walimwona mtu wanayemfahamu akielekea shimoni, wakazungumza wao kwa wao.

Sasa turudi kwenye ndoo. Kwa nini mwaka 2020 tulinawa? Kwa sababu kila mmoja alijiona yumo hatarini. Kwa sababu ndoo ilikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Na kwa sababu kila mtu alinawa, asiyenawa akaonekana wa ajabu. Mambo matatu yalikutana. Na kwa nini tuliacha? Nilimwendea Mangi nikamwuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mangi. Hii ndoo uliiondoa kwa nini?"

"Mzee wangu, mimi usafi sijaukataa," akasema. "Dumu la maji nanunua mimi. Sabuni nanunua mimi. Wanaonawa ni mtaa mzima. Mwanzoni bwana afya alikuwa anapita kukagua. Alipoacha kupita, na wateja nao wakaacha kunawa. Sasa ningekuwa naijaza kwa ajili ya nani?"

Nilikosa jibu. Ndoo ile iliwekwa kwa amri, na amri inasimama kwa muda ule ambao aliyeitoa anaangalia. Hatukuwahi kukaa kama mtaa tukakubaliana nani atajaza maji.

Basi siku chache baadaye tulikaa katika ile nyumba ya kaya nane: wapangaji, mama mwenye nyumba, mjumbe wetu na mimi. Hapakuwa na mhadhara, maana hakuna aliyekuwa hajui. Tulizungumza mambo matatu tu. Kwanza, maji yakae wapi? Ikakubaliwa kitundikwe kibuyu chirizi hatua moja kutoka mlango wa choo. Kwa wasiokifahamu, hicho ni dumu la lita tano lililotobolewa tundu, likaning'inizwa kwenye mti, likafungwa kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Maji hutoka kidogo kidogo, na mkono mchafu haugusi kitu. Pili, sabuni isiibiwe. Kijana mmoja akashauri sabuni ya unga ikorogwe na maji kwenye chupa ya plastiki, kifuniko kitobolewe, na chupa ifungwe pale pale. Nani ataiba chupa ya povu? Tatu, nani atajaza? Zikapangwa zamu, siku moja kwa kila kaya kwa mzunguko, na majina yakabandikwa mlangoni.

Gharama yake haifiki bei ya dawa alizonunuliwa yule mtoto. Na faida yake inajulikana: uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja unaonyesha kwamba kuhimiza kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa watoto kwa karibu theluthi moja.

Lakini mtu asitegemee kwamba tabia itashika kwa juma moja. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu waliokuwa wakijaribu kuanza tabia mpya, kama vile kunywa maji wakati wa chakula. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia ikawa ya kujiendea yenyewe. Wepesi walitumia siku 18, na kwa wagumu ilikadiriwa kufika siku 254. Walioteleza siku moja hawakurudi mwanzo. Waliendelea tu kesho yake. Aidha, tabia hushika upesi inapofungwa kwenye jambo ambalo mtu hulifanya kila siku. Ndiyo maana mimi dawa yangu inakaa kando ya birika la chai, na ndiyo maana kibuyu kinatundikwa mlangoni mwa choo, hakitundikwi uani kwenye kamba ya nguo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, safari nyingine tunapomwona mtu hajikingi na maradhi, tusianze na kusema ni mjinga au mkaidi. Tumwulize kama yule mama alivyotuuliza: maji yako wapi? Wewe mwenye nyumba, choo chako kina mahali pa kunawia? Wewe mwenye ofisi, mfanyakazi wako akitaka kwenda kupima presha au kumpeleka mtoto chanjo, unampa ruhusa au unamkata siku? Wewe ndugu unayejua kwamba mwenzako anaogopa kipimo, umepanga naye siku na saa, ukampitia nyumbani? Kaka yangu nilimwambia mara nyingi apunguze chumvi. Sikuwahi hata mara moja kumwambia, "Jumanne nakupitia twende."

Kibuyu kile kina miezi miwili sasa. Siwezi kuwaambia kwamba hakijawahi kukutwa kikavu. Juzi jioni nilipita pale nikamwona yule mtoto aliyelazwa, kakanyaga kijiti kwa miguu yote miwili, mikono ameinyoosha, na maji hayatoki. Mama yake akasoma karatasi ya mlangoni, akaliita jina la mwenye zamu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mwenye zamu akatoka chumbani na ndoo, huku akiomba radhi. Mtoto akasubiri, mikono bado ameinyoosha, mpaka dumu likajazwa.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.